Mkemia aliyesoma harufu za mimea

Kwenye mkutano wa kooperative moja karibu na Musienene, mama mmoja alinyanyua mkono kabla hata sijamaliza kusalimia watu. Akasema: «Agronomu, mahindi yangu yana viwavi ndani ya moyo wa mmea. Nimenunua dawa mara tatu msimu huu. Kichupa kimeisha, viwavi bado vipo. Sasa uniambie, ninunue mara ya nne?»

Watu walicheka, lakini ni kicheko cha watu wenye shida moja. Siku ile nilimjibu kwa haraka, na jibu langu halikumtosha. Niliona hata mimi mwenyewe. Tangu hapo nimekuwa nikiandaa jibu refu zaidi. Jibu lenyewe linapitia kwa mtu ambaye wengi wetu hapa Butembo na Beni hatujawahi kusikia jina lake: Profesa Ahmed Hassanali, Mkenya, mkemia wa vitu vinavyotoka kwenye mimea na wadudu. Hakutengeneza dawa ya kuuza kwenye kichupa. Sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa kutafuta kwa nini mdudu anapenda mmea huu na anakimbia ule. Tukilijua hilo, kuna kazi ambazo tunaweza kuuachia mmea wenyewe uzifanye.

Kemia tunayoijua tayari

Mulimaji akisikia neno «kemia» anafikiri mara moja sumu na mbolea ya mfuko. Lakini sisi wa Nord-Kivu tunaishi na kemia ya mimea tangu wakati wa wazee wetu. Kule milima ya Lubero na pembeni ya Butembo tunapanda kinkina na kuuza maganda yake. Kule Beni watu wanachanja mapapai bado mabichi na kukusanya utomvu mweupe. Wengine wamepanda vanila. Mnunuzi wa maganda ya kinkina hahitaji kuni. Anataka kinini iliyo ndani. Wafaransa wawili, Pelletier na Caventou, ndio waliotenga kinini kutoka kwenye ganda hilo mwaka 1820 kule Paris. Vilevile mnunuzi wa utomvu wa papai anataka papaini, kitu kinacholainisha nyama na kusafisha bia.

Kumbe basi ganda letu linapimwa kwa kitu ambacho jicho halikioni. Ndiyo sababu magunia mawili ya uzito mmoja yanaweza kupata bei tofauti. Mwenye laboratwari ndiye anayejua kilichomo ndani, na sisi tunangoja atuambie.

Njia hiyo ya kemia inautoa mmea shambani na kuupeleka mbali. Thamani kubwa inapatikana huko mbali. Hassanali na wenzake walitafuta pia njia nyingine: mkemia achunguze kilicho ndani ya mmea, halafu mmea ubaki shambani kwa mulimaji na umtumikie palepale.

Kituo cha wadudu cha Nairobi

Mwaka 1970, Mkenya Thomas Odhiambo, mtaalamu wa wadudu, alianzisha kituo cha utafiti kule Nairobi kinachoitwa ICIPE. Wazo lake lilikuwa kwamba wadudu wanaotusumbua Afrika wachunguzwe Afrika, na Waafrika wenyewe wawe kati ya wachunguzi. Wakati ule wengi walifikiri kupambana na mdudu ni kumpulizia sumu, basi. Odhiambo alitaka kwanza mdudu ajulikane: anakula nini, anazaa wapi, anamtafutaje mwenzake.

Hassanali alifanya kazi kwenye kituo hicho miaka mingi, na akaongoza idara inayochunguza tabia za wadudu pamoja na kemia inayoziongoza tabia hizo. Baadaye aliendelea kufundisha na kusimamia wanafunzi kwenye Chuo Kikuu cha Kenyatta. Ukisoma maandishi yake ya kisayansi, mara chache utakuta jina lake peke yake. Pembeni yake kuna majina ya Wakenya, Waethiopia, Waghana, Wasudani, wengi wao wakiwa vijana waliokuwa wanatafuta udaktari wao wa sayansi. Kwa sisi watu wa kooperative, hilo ni jambo la kuangalia. Kazi ya miaka 30 haifanywi na mtu mmoja.

Harufu inapimwa namna gani?

Nieleze kidogo jinsi mkemia wa namna hii anavyofanya kazi, maana bila hiyo mengine yote yataonekana kama uchawi.

Mdudu mwingi haoni shamba kama sisi tunavyoliona. Nondo jike anaruka usiku akitafuta mahali pa kutagia mayai, na anaongozwa zaidi na harufu anayoinasa kwa vipapasio vyake viwili vya kichwani. Kwake yeye, shamba la mahindi ni wingu la harufu.

Mkemia anafunika mmea kwa mfuko safi. Anapitisha hewa iliyochujwa, na hewa inayotoka inapita kwenye kijineli chenye chembe zinazonasa harufu. Baadaye anaosha chembe zile na kupata matone machache. Matone hayo yanaingia kwenye mashine inayotenganisha harufu moja moja, kwa maana harufu ya mmea mmoja ni mchanganyiko wa vitu vingi, mara nyingine makumi.

Halafu inakuja sehemu inayonifurahisha zaidi. Wanachukua kipapasio cha nondo, wanakiunga kwenye nyaya mbili nyembamba sana, na kila kitu kinachotoka kwenye mashine kinapita mbele yake. Kipapasio kikinusa kitu kinachokihusu, umeme mdogo unaruka. Kikipitishiwa kitu kisichokihusu, kinanyamaza. Kwa njia hiyo mdudu mwenyewe anamwonyesha mkemia: kati ya vitu hivi 40, ni hivi vinne tu ninavyovisikia. Baada ya hapo wanarudi shambani kuhakikisha kama ni kweli, maana mambo ya kwenye chupa na mambo ya kwenye udongo si lazima yafanane.

Majani ya ghalani

Tuanze na jambo dogo la nyumbani. Wazee wetu wengi walichanganya majani makavu yenye harufu kali ndani ya maharagi na mahindi ili fukusi wasiingie. Vijana wengine wanaona ni mambo ya kizamani. Katika miaka ya 1990, Hassanali pamoja na wenzake, kati yao Muethiopia na Mghana, walipima mimea ya jamaa ya mrehani na kivumbasi, ile ambayo vitabu vinaiita Ocimum. Walipima majani makavu, walipima mafuta yake, walipima na kitu kimoja kimoja kilichomo ndani.

Waliona kwamba wazee hawakudanganya. Mimea ile inafukuza fukusi wa mahindi na mingine inawaua. Lakini waliona pia kwamba aina haziko sawa. Mmoja umejaa kafuri. Mwingine umejaa kitu kilekile kinachopatikana kwenye karafuu. Nguvu inategemea aina ya mmea, kiasi ulichoweka, na siku zilizopita tangu ukiweke.

Hapo tunapata somo la mkononi. Kinachofanya kazi ni mafuta yanayoruka hewani. Ukianika majani juani siku nne mpaka yanabaki kama karatasi, mafuta yameshaondoka, umebaki na takataka. Yaanikwe kivulini, yatumike yakiwa bado yananuka, na ukifungua gunia ukakuta harufu imekwisha, ujue na ulinzi umekwisha. Tena majani hayachukui nafasi ya kukausha vizuri: maharagi yenye maji ndani yataoza hata ukiyafunika kwa mrehani wa Kenya nzima.

Sukuma-vuta

Kazi iliyojulikana zaidi ni ile ya mahindi. Miaka ya 1990, timu ya ICIPE iliyoongozwa shambani na Dokta Zeyaur Khan, pamoja na wakemia kama Hassanali na watafiti wa Rothamsted kule Uingereza, akiwemo John Pickett, ilianza kuchunguza majani ya porini kule Mbita, kando ya ziwa Viktoria upande wa Kenya. Adui alikuwa kiwavi anayetoboa shina la mahindi. Walipima mamia ya aina za majani wakiuliza swali moja: nondo wa kiwavi huyu anapenda kutagia wapi, na wapi hapendi?

Walikuta kwamba anapenda matete, yale majani ya ng'ombe ambayo sisi tunayapanda kwenye kingo za kuzuia mmomonyoko, hata kuliko anavyopenda mahindi. Na hapo kuna ajabu: matete hutoa harufu yake kwa wingi zaidi saa ya kwanza ya giza, saa ileile nondo anapotafuta pa kutagia. Anakuja, anataga. Watoto wakitoboa shina, matete hutoa utomvu wa kunata na wengi wao wanafia humo humo. Ni mtego.

Upande mwingine walikuta jani moja lenye kunata na harufu ya sukari guru, linaloitwa Melinis. Nondo hakulipenda. Na si hilo tu: nyigu mdogo anayeua viwavi kwa kutaga mayai ndani ya miili yao alikuwa anakuja kwa wingi palipo na jani hilo. Wakemia walipoichambua harufu, walikuta ndani yake kitu ambacho mahindi yenyewe huyatoa yanapotafunwa. Mahindi yakishambuliwa yanapiga kelele kwa harufu, na nyigu anasikia, anakuja kusaidia. Melinis inapiga kelele ileile hata kabla ya kuguswa. Habari hiyo ilitoka mwaka 1997 kwenye jarida la Nature, na jina la Hassanali likiwa kati ya waandishi.

Baadaye badala ya Melinis wakaweka desmodiamu, mmea wa jamaa ya maharagi unaotambaa chini, ng'ombe na mbuzi wanaupenda, na unaingiza azoti kwenye udongo. Mpango ukawa hivi: desmodiamu katikati ya mistari ya mahindi inamsukuma nondo aondoke, matete au brakiaria kuzunguka shamba inamvuta nje. Kwa sababu hiyo watu wanauita sukuma-vuta.

Jambo ambalo hawakulitafuta

Walipopanda desmodiamu kwa ajili ya viwavi, waliona kitu ambacho hawakukiandika kwenye mpango wao. Kwenye mashamba yaliyokuwa na striga, lile gugu lenye maua ya rangi ya zambarau linalojishika kwenye mizizi ya mahindi na kuyanyonya mpaka yanadumaa, striga ilianza kupotea. Ilipotea zaidi kuliko kivuli au azoti vinavyoweza kueleza.

Hapo kazi ikarudi tena kwa wakemia. Walikusanya maji yaliyopita kwenye mizizi ya desmodiamu na kuyachambua. Ndani yake walikuta vitu vya namna mbili. Vingine vinaiamsha mbegu ya striga iote. Vingine vinauzuia mzizi wake mchanga usishike mahindi. Fikiri: mbegu ya striga inaweza kulala udongoni miaka mingi ikingoja. Desmodiamu inaiamsha kwa udanganyifu, halafu inaifungia mlango. Inakufa. Msimu kwa msimu, akiba ya mbegu za striga udongoni inapungua.

Kwenye sehemu za magharibi ya Kenya zilizokuwa na viwavi na striga pamoja, ICIPE inaeleza kwamba walimaji waliokuwa wanavuna chini ya tani moja ya mahindi kwa hekta walifika karibu tani 3 na nusu. Sisi wa milimani tusichukue namba hiyo tukaibandika hapa kwetu. Mahali ambapo hakuna striga, faida haiwezi kuwa ileile. Lakini inaonyesha kiasi gani mdudu na gugu vilikuwa vinakula bila mtu kuona.

Nzige na ng'ombe

Kazi ya Hassanali haikuishia kwenye mahindi. Wengi mnakumbuka Februari 2020, nzige walipovuka ziwa Albert na kuingia Ituri. Ilikuwa mara ya kwanza kuonekana Kongo tangu mwaka 1944. Beni tulishikwa na hofu. Nzige akiwa peke yake ni panzi tu. Hatari inakuja wakikusanyika, na kinachowakusanya kwa sehemu kubwa ni harufu. Miaka ya 1990 Hassanali na wenzake walichunguza harufu inayotolewa na madume yaliyokomaa, ambayo inawaweka wakubwa pamoja. Walipoiweka harufu hiyo ya wakubwa kwa watoto wasio na mabawa, watoto walichanganyikiwa: kundi lilivunjika, wakaanza kutawanyika, wengine wakalana wenyewe kwa wenyewe, na dawa kidogo sana ilitosha kuwaua.

Tena kuna mbung'o. Wafugaji wanajua nagana inavyomkausha ng'ombe. Watafiti waliona kwamba mnyama wa porini anayeitwa kuro anaishi palepale mbung'o walipo, lakini mbung'o hawapendi kumwuma. Kwa nini? Hassanali na wanafunzi wake walichambua harufu ya mwili wa kuro na kukuta vitu vinavyomkimbiza mbung'o. Baadaye wenzake wa ICIPE waliweka vitu hivyo kwenye vichupa vidogo vinavyofungwa shingoni mwa ng'ombe, wakavijaribu kule Kwale, pwani ya Kenya. Ugonjwa kwa ng'ombe waliovaa ulipungua kwa zaidi ya 80 kwa 100. Ng'ombe alinukia kama kuro, na mbung'o akaenda zake.

Mtaona uzi mmoja unapita ndani ya mambo haya yote. Kila mara swali ni: nani tayari ana ulinzi, na ulinzi huo umetengenezwa kwa kitu gani?

Na sisi, tufanye nini?

Turudi kwa mama wa Musienene. Kiwavi chake si yule wa zamani anayetoboa shina tu. Ni kiwavi jeshi kutoka Amerika, aliyeonekana Afrika mara ya kwanza mwaka 2016 na kusambaa haraka mpaka kwetu. Je, sukuma-vuta inamfaa na huyu? Mwaka 2018 watafiti wa ICIPE walitangaza matokeo kutoka kwa walimaji 250 wa Kenya, Uganda na Tanzania waliotumia desmodiamu na brakiaria. Kwenye mashamba yao viwavi kwa kila mmea walikuwa pungufu kwa 82.7 kwa 100, na uharibifu pungufu kwa 86.7 kwa 100, ukilinganisha na mahindi yaliyopandwa peke yake.

Lazima niseme ukweli pia: watafiti wangali wanabishana ni kwa nini hasa inafanya kazi. Wengine wanashikilia kwamba harufu ndiyo inayomfukuza nondo. Wengine wamepima wakaona kwamba desmodiamu haitoi harufu nyingi kama ilivyodhaniwa, na kwamba vinyweleo vyake vya kunata vinanasa vidudu kama gundi. Hiyo si aibu kwa sayansi. Ndiyo namna inavyosonga mbele. Kwa mulimaji, swali la kwanza ni kama viwavi vinapungua shambani kwake.

Sasa nawaletea shida tatu ambazo nimeshazisikia kwenye mikutano, na ninazikubali.

Ya kwanza: «Mahali pa desmodiamu ndipo ninapopanda maharagi. Watoto watakula desmodiamu?» Ni swali la haki kabisa. Watafiti walilisikia na kule Kenya, wakajaribu kupanda maharagi kwenye shimo moja na mahindi au katikati ya mashina ya mahindi kwenye mstari uleule, na desmodiamu ikabaki mahali pake kati ya mistari. Inawezekana, ila inataka udongo wenye nguvu na samadi.

Ya pili: kazi. Msimu wa kwanza desmodiamu ni mtoto dhaifu. Inaota polepole, na mtu asiyeijua ataing'oa pamoja na magugu. Palizi mbili za mwanzo zifanywe kwa mkono na kwa macho. Ikishashika, inafunika udongo yenyewe, inakaa miaka kadhaa, na palizi inapungua. Na isiachwe ikapanda juu ya mahindi: inakatwa na kupewa mifugo.

Ya tatu: mbegu. Ni ndogo sana, ni za bei, na hazipatikani kila mahali. Hapa ndipo kooperative inakuwa na maana. Mtu mmoja hawezi kuagiza, lakini kundi linaweza, na mmoja wao akitenga kipande kidogo cha kuzalisha, wengine watachukua vipandikizi. Shina la desmodiamu lililokatwa likiwa na vifundo linaota likipandwa wakati wa mvua.

Pendekezo langu ni dogo. Kila kooperative inayotaka, itenge vipande viwili pembeni kwa pembeni, vya ukubwa sawa, mbegu ileile ya mahindi, siku ileile ya kupanda. Kimoja mahindi na maharagi kama kawaida. Cha pili mahindi kwa mistari ya sentimeta 75, desmodiamu katikati ya mistari, na mistari mitatu ya brakiaria au matete kuzunguka. Kila wiki hesabuni mimea 20 kwenye kila kipande: mingapi ina kiwavi, mingapi haina. Andikeni kwenye daftari. Andikeni pia masaa ya palizi na franga za dawa. Mwisho wa msimu pimeni mavuno kwa kilo, si kwa macho. Msimu wa kwanza msitegemee makubwa. Wa pili ndio utawaambia.

Kwa nini nasisitiza daftari? Kwa sababu Nairobi si Butembo. Sisi tuko juu, baridi yetu ni nyingine, udongo wetu ni mwingine. Kule bondeni Beni, kwenye joto na kakao, ni nchi nyingine tena. Hassanali na wenzake hawakuamini chupa mpaka shamba liwe limekubali. Na sisi tusiamini Mbita mpaka Kyondo na Oicha wawe wamekubali.

Shamba dogo, hesabu kubwa

Kuna sababu nyingine inayonisukuma kuandika haya, na kila mmoja wetu anaijua. Tangu mauaji ya mwaka 2014, familia nyingi za Beni na pembeni zimeacha mashamba ya mbali, zile ektari nzuri za wazee, na wanalima vipande karibu na barabara na miji. Huwezi kumwambia mtu wa namna hiyo aongeze shamba. Kipande alichonacho ndicho hichohicho. Kiwavi akila robo, hakuna mahali pengine pa kuitoa. Na kila kichupa anachonunua kinatoka kwenye pesa za shule au za dawa ya mtoto.

Ndiyo maana kazi ya mkemia huyu inatuhusu. Alitumia elimu ya juu kabisa, mashine za bei, miaka mingi, na sehemu nzuri ya matokeo yake ni majani ambayo mama anaweza kuyapanda kwa jembe, akayakata kwa ajili ya mbuzi wake, na kumpa jirani vipandikizi bila kumlipa mtu yeyote.

Nilirudi Musienene mwezi uliofuata. Mama yule aliniuliza tena: «Sasa agronomu, ninunue mara ya nne?» Nikamwambia: mama, msimu huu ukipuliza, puliza mapema, kiwavi kikiwa bado kidogo na jioni kikiwa nje, ujifunike pua na mikono, na usichanganye dawa mbili kwa kubahatisha. Hiyo ni ya leo. Lakini ya kesho, utupe kipande cha hatua 10 kwa 10 pembeni ya nyumba yako. Alifikiri kidogo, akaangalia mtaro wake wa matete uliokuwa tayari mrefu kuliko yeye.

«Basi nusu ya kazi nimeshaifanya,» akasema. «Nileteeni hiyo nyingine.»